Marehemu wetu wa Wete hakuwa mfanyabiashara tu

Mhariri,

Tangazo la kifo cha mzee wetu wa hapa Wete lilimtaja kuwa "mfanyabiashara maarufu", basi. Mimi niliyekuwa utingo wake sikuridhika.

Kabla ya biashara alikuwa askari wa JWTZ. Vita vya Kagera vilipoanza mwaka 1978 alipelekwa mpakani Mutukula, na Kampala ilipoanguka Aprili 1979 alikuwamo. Habari zake za vita zilikuwa fupi: matope, mvua na viatu vilivyombana. Ukimchimba zaidi, anakutuma chai.

Lori lake la Bedford ndilo lililomfungua mdomo. Msimu wa karafuu tukipakia magunia Konde, turubali alilifunga mwenyewe, hakumwamini mtu. Karafuu kavu ikilowa huota ukungu, bei yake ikaporomoka. Na fundo zake zilikuwa za kibaharia. Dereva mwengine angetafuta kisu.

Uzeeni akaliuza lori, akanunua jahazi. Wanawe walikasirika, na nawaelewa. Yeye akawajibu kwamba risasi zilimfuata nchi kavu, si baharini. Kaskazi ikimpeleka Tanga, kusi ikimrudisha, macho yameshafifia lakini mkondo anaujua kwa jinsi chombo kinavyoyumba.

Kwa nini wazee hawa tuwaandike wakishazikwa? Bandarini Wete yupo nahodha mwengine aliyepigana vita vile vile. Mtumeni mwandishi wenu, Mhariri, lakini afike asubuhi. Baada ya adhuhuri mzee hulala.

Utingo wa zamani,
Wete, Pemba