Watoto Wanalala Kwenye Tuktuk Yangu

Mhariri,

Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Malindi, na kila alfajiri nabeba watoto wa shule. Wa kwanza namchukua Maweni saa kumi na moja na robo, giza bado. Yuko gredi ya pili. Mamake humtoa nje kamshika mkono, macho ya mtoto nusu yamefumba, na kabla hatujafika lami keshalala, kichwa juu ya begi, hamri mkononi halijaumwa. Nimefunga leso ubavuni mwa kiti asije akadondoka kwenye matuta.

Shule yao inawataka darasani saa kumi na mbili na nusu. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinasema shule ya kutwa isimtake mwanafunzi afike kabla ya saa moja na robo, na masomo yaanze saa mbili. Maofisa wa elimu wa kaunti yetu ya Kilifi wapite getini siku moja mapema, waone wenyewe.

Wataalamu wa usingizi wanasema mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa muda wa saa 9 hadi 12 kila siku, na wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Huyu abiria wangu wa Maweni hulala saa nne usiku, huamshwa saa kumi na nusu. Piga hesabu mwenyewe. Na mtoto akiwa usingizini ndipo ubongo unapoyahifadhi aliyofundishwa mchana, ndipo pia homoni ya ukuaji inapotoka kwa wingi. Tena asiyelala si lazima asinzie. Wengine hawatulii, hulia kwa jambo dogo, hugombana na kila mtu; mwalimu huona utundu, akamwadhibu. Njaa nayo huzidi, mtoto akala ovyo na kunenepa.

Wazee wataniambia, mbona sisi tuliamka alfajiri tukasali? Kweli, lakini isha ikishasaliwa tulikuwa kitandani. Siku hizi mtoto akitoka chuoni, yaani madrasa, kuna homuweki, kisha simu ya babake, na mwanga wa simu huufukuza usingizi. Ongeza spika za harusi katikati ya wiki, ongeza joto la kaskazi. (La joto simlaumu mtu.)

Nami sijitoi. Saa kumi na moja na robo si ya shule peke yake, ni yangu pia: nawahi tripu ya pili. Nimewaambia wazazi kwamba muhula ujao nitapiga tripu moja tu, saa kumi na mbili, nauli ipande kidogo. Wawili wamekubali. Mamake yule wa Maweni ameniuliza tu, "Na shule je?"

Dereva wa tuktuk,
Malindi