James Bond sio Popov peke yake

Mhariri, salaam. Nimesoma makala yenu ya juzi iliyosema James Bond wa kweli, yaani mtu aliyeigwa kumtunga yule jasusi wa vitabu na sinema, ni Dusko Popov na kesi imefungwa. Mi nasema bado, mmeifunga mapema sana.

Popov alikuwa mtu kweli, hilo sibishi. Wakili Mserbia, jasusi wa Vita vya Pili vya Dunia, kijana wa starehe na mademu, Wajerumani wanamlipa wakidhani ni mtu wao kumbe yuko na Waingereza, jina la kazi Tricycle. Ila ile stori ya kumwaga madola mezani pale kasino ya Estoril, Ureno, mwaka 1941, eti mtunzi wa Bond akimwangalia, aliisimulia mwenyewe miaka mingi baadaye, na nyie mmeibeba nzima nzima. Ian Fleming aliyemtunga Bond kweli alipita Estoril mwaka huohuo, yuko na bosi wake Admirali John Godfrey, akakaa mezani na wafanyabiashara wa Kireno wa kawaida tu huku anajifanyisha kichwani eti ni majasusi wa Kijerumani, na akaliwa hela.

Sasa hapo ndo pa kuangalia. Fleming wakati wa vita alikuwa mtu wa ofisini, Chumba namba 39 kwenye makao ya jeshi la majini London, anaandika mamemo na kupanga misheni wanazoenda wenzake, makomandoo na maajenti wanaingia wanatoka yeye anawasikiliza, na alikuja kusema mwenyewe kwamba Bond ni mchanganyiko wa hao wote. Asili ya M, yule bosi wa Bond vitabuni, mnaipata kwa huyohuyo Godfrey. Halafu vitu vidogo vidogo ni vya Fleming mwenyewe: sigara za Morland zenye pete tatu za dhahabu, mayai ya kuvuruga, kamari. Jina kalitoa kwenye kitabu cha ndege alichokuwa nacho nyumbani kwake Jamaica, mwandishi wake Mmarekani mtaalamu wa ndege anaitwa James Bond, mzee wa watu hata bastola sijui kama alikuwa na habari nayo.

Na bastola nayo ina mwenyewe. 1956 msomaji mmoja, Geoffrey Boothroyd, alimwandikia Fleming kumwambia ile bastola ya Bond, Beretta, ni silaha ya kina mama, ampe jamaa Walther PPK. Fleming akakubali, na kwenye vitabu akamweka mtu wa silaha anaitwa Meja Boothroyd. Kwa hiyo mhariri msidharau barua za wasomaji, hehe.

Kinachoniuma ni kwamba mmeandika kasino aya tatu mkaacha kazi yenyewe. Agosti 1941 Popov alienda Marekani na orodha ya maswali ya Wajerumani imefichwa kwenye kipicha kidogo kama nukta, na sehemu ya maswali hayo inauliza habari za Pearl Harbor, kituo cha majeshi ya majini ya Marekani kule Hawaii. FBI, wapelelezi wa Marekani, wakaipata. Bosi wao Hoover hakumpenda kabisa kwa maisha yake ya anasa, na Desemba Wajapani wakapiga palepale. Hiyo si ndo ya kuweka juu kabisa?

Mkirudia mada hii mwekeni na Juan Pujol, yule Mhispania aliyeitwa Garbo, naye jasusi wa Waingereza aliyejifanya wa Wajerumani. Huyo aliwauzia Wajerumani mtandao wa maajenti 27, wote hewa kama wale wafanyakazi hewa wetu, wakamlipa na nishani yao ya Msalaba wa Chuma wakampa, na Waingereza nao wakampa nishani yao ya MBE.

Msomaji wenu, Morogoro