Mwanangu, jibu ulichoulizwa

Mtoni Kijichi,
Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Hujambo baba? Sisi huku wazima. Bibi yako anakusalimu, na anauliza kama hiyo kazi inakuachia hata muda wa kula. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu kila nikigusa habari ya mtihani unaniambia uko ndani ya basi la Mwendokasi na hunisikii.

Karatasi za jaribio ulizoziacha juu ya friji nimezisoma zote. Usinune. Anayeacha karatasi sebuleni kwa mama mhazili mstaafu anajua zitasomwa.

Nianze na alama. Kusoma 7, Kuzungumza 7, Kusikiliza 5.5, Kuandika 5.5. Ukijumlisha ukagawa kwa nne unapata 6.25, na IELTS, huo mtihani wako wa Kiingereza, wana utaratibu wa kuipandisha hiyo robo iwe nusu, kwa hiyo jumla yako inasomeka 6.5. Ndiyo maana ulikuja ukichekacheka. Lakini barua ya chuo uliyonionyesha inasema 6.5 kwa jumla, na sehemu yoyote isishuke chini ya 6. Kwa maana hiyo, baba, ungekuwa mtihani wenyewe ungekuwa umekwama, na ada imekwenda.

Sasa nisikilize. Ulisema tatizo lako ni kwamba ulisoma shule ya msingi ya Kiswahili, Kiingereza umekutana nacho kidato cha kwanza, na watoto wa mjomba wako waliosoma English medium wamekuacha mbali. Sikubaliani nawe hata kidogo. Mtu asiye na Kiingereza hapati 7 ya kusoma. Nimepitia makosa yako moja moja kwa kalamu nyekundu, na ninachokiona ni kijana anayejua lugha ila hajibu alichoulizwa.

Chukua Kusikiliza. Maswali ni 40, umepata 21. Kwa kawaida 23 hivi ndiyo hukupeleka kwenye 6, na 30 hivi kwenye 7. Umebakiza majibu mawili tu! Nikaenda kutazama yale 19 uliyokosa. Saba kati ya hayo ulisikia sawasawa kabisa. Umeandika "acomodation" badala ya "accommodation": herufi c mbili na m mbili, na ukikosea tahajia huna alama. Mahali pengine ulitakiwa kuandika "students", ukaandika "student", ile s ya mwisho umeimeza. Kuna mahali maelekezo yanasema jibu lisizidi maneno mawili, wewe umeweka matatu. Neno la tatu halikuwa na kosa lolote, lakini limeua jibu zima. Na kuna nafasi nne umeziacha tupu, wakati mtihani huu haukati alama kwa jibu lisilo sahihi. Nafasi tupu ni uvivu, weka chochote kinachoelekea.

Halafu kuna lile jina la mwenye nyumba lililotajwa herufi moja moja. Hili nalielewa, maana hata ofisini kwetu liliwasumbua wengi. Mzungu akitaja herufi E, sikio letu linaandika I, kwa sababu tangu darasa la kwanza sauti hiyo kwetu ni i. Akitaja A, tunaandika E. G na J nazo zinapishana kidogo sana. Dawa yake ni mazoezi tu: kila jioni chukua majina ya wenzako kazini, mwambie mwenzako wa chumba ayataje kwa herufi za Kiingereza harakaharaka, wewe uandike. Afanye hivyo hivyo na namba za simu, maana wao sifuri huiita "oh", na saba mbili zikifuatana husema "double seven". Na umwambie akuchanganyie "thirteen" na "thirty", "fifteen" na "fifty". Sikiliza mkazo umelalia wapi.

Tukiwa Tabora, Chuo cha Uhazili, hatimkato, yale maandishi ya kifupi ya kunasa maneno ya msemaji, ilikuwa maneno 80 kwa dakika, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Anayesoma alikuwa harudii. Na IELTS hawarudii, sauti inapigwa mara moja basi. Kitu cha kwanza tulichofundishwa ni kwamba neno likikupita, acha nafasi, mfuate msemaji. Ukibaki unalitafuta neno lililopita, unapoteza na matano yanayokuja. Kwenye karatasi yako naona wazi ulipokwama: swali la 24 umelifutafuta mpaka karatasi imetoboka, na la 25, 26 na 27 yote umekosa. Majibu huja kwa mpangilio wa maswali. Ukisikia wanazungumzia jambo la swali la 26, jua la 24 limeshapita, liage.

Kabla sauti haijaanza unapewa muda mfupi wa kutazama maswali. Usiutumie kuomba dua, dua uombe asubuhi. Utumie kujiuliza kila nafasi inataka nini: ni siku, ni bei, ni jina la mtu, ni kitu? Ukijua unasubiri siku, sikio linakuwa macho kwa siku. Na ujihadhari, kwa sababu wana tabia ya kusema jambo kisha kulibadilisha. Mtu atasema tukutane Jumanne, mwenzake aseme Jumanne ana miadi, waishie Alhamisi. Wewe ukishasikia Jumanne umeshaandika na kufunga kitabu. Ni kama kununua viatu Kariakoo: bei ya kwanza anayokutajia muuzaji siyo unayolipa, subiri mpaka wamalize.

Sehemu ziko nne, na ugumu unapanda. Ya kwanza ni watu wawili kwenye mambo ya kawaida, kama kupanga chumba. Ya pili ni mtu mmoja anaeleza jambo la mtaani, tuseme kituo cha michezo. Ya tatu ni wanafunzi na mwalimu wao wanajadili kazi ya masomo, na hapo sauti zinaweza kuwa zaidi ya mbili. Ya nne ni mhadhara. Makosa yako mengi yako sehemu ya kwanza na ya tatu, na hiyo ya kwanza inaniuma, kwa sababu ndiyo rahisi kuliko zote. Unaiingia umelegea.

Wewe Kiingereza chako cha kusikiliza ni sinema za Marekani, tena ukiwa unasoma maandishi chini ya skrini. Huko ni kusoma, siyo kusikiliza. Kwenye mtihani utakutana na Waingereza, Waaustralia, Wakanada, watu wa New Zealand. Sikiliza BBC World Service nusu saa kila siku, bila picha, bila maandishi, na useme kwa sauti walichosema. Mwendokasi ni pazuri kwa hilo, maana ukizoea kusikiliza katikati ya kelele za Ubungo, ukumbi wa mtihani utakuwa kimya mno kwako.

Kuandika ndiko kulikonikasirisha, acha niseme ukweli.

Kazi ya kwanza ulipewa grafu ya matumizi ya maji katika nchi tatu. Ukaanza: mwaka huu ilikuwa kiasi hiki, mwaka ule kiasi kile, ukazimaliza namba zote kama karani wa ghala. Msahihishaji anayo grafu mbele yake, baba, namba anaziona. Anachotaka kujua ni kama umeielewa. Ipi imepanda, ipi imeshuka, zipi zimepishana na lini, ipi haikutikisika. Mwambie picha ya jumla mapema kwenye aya fupi, halafu chagua namba chache zinazoithibitisha. Na mwisho umeandika kwamba serikali ziwaelimishe wananchi kuhusu maji. Nani amekuuliza? Kazi ya kwanza haitaki maoni yako.

Kazi ya pili swali lilisema hivi kwa maneno yangu: wapo wanaoona miji itumie fedha kwenye usafiri wa umma, wapo wanaoona bora kupanua barabara, jadili pande zote mbili na utoe maoni yako. Mambo matatu. Wewe umejadili upande mmoja, na maoni yako sijayaona hadi leo. Umefungua na ile sentensi ya zama hizi za utandawazi ambayo kijana mwenzako wa twisheni naye ameandika, najua kwa sababu mama yake alinionyesha. Hiyo ni mali ya mwalimu wenu. Wasahihishaji wanafundishwa kuitambua insha ya kukariri, na kinachokaririwa hakikuongezei kitu. Zile kurasa za insha tayari alizowauzia, fungia maandazi.

Kisha ukaanza kueleza treni za London na Tokyo, ambako hujafika. Maelekezo yenyewe yanakuruhusu utoe mifano kutoka kwenye maisha yako. Wewe unapanda Mwendokasi kutoka Kimara kila siku ya Mungu! Umeyaona mabasi hayo tangu yanaanza mwaka 2016. Unajua basi likiwa na njia yake peke yake linavyolipita foleni ya magari Barabara ya Morogoro, na unajua pia Mto Msimbazi ukifurika Jangwani mabasi yanavyosimama. Tayari una pande mbili za hoja, na hakuna mtu duniani aliyekuandikia hizo.

Insha inatolewa alama kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: kujibu swali, mpangilio na mtiririko, msamiati, na sarufi. Wewe umewekeza kwenye msamiati peke yake, maneno marefu ya kutisha ambayo nusu yake umeyaweka pasipo mahali pake. Kwenye mtiririko unadhani kila sentensi ianze na "Moreover" na "Furthermore". Sentensi moja ikieleweka imetokana na iliyotangulia, haihitaji kengele. Kwenye sarufi una makosa yaleyale matano, na haya ndiyo yanayorekebishika haraka: unasahau "the" na "a" kwa kuwa sisi hatunazo, unamwita mwanamke "he", kitenzi cha mtu mmoja unakinyima s, unaandika "my brother he works" kwa sababu kwetu kaka yangu yeye anafanya kazi, na unaunganisha sentensi tatu kwa mkato pale panapotaka nukta. Yaandike haya matano kwenye kikaratasi. Dakika tatu za mwisho za kila insha usisome maana, pita ukiyawinda hayo tu.

Muda ni saa moja kwa kazi zote mbili. Ya kwanza maneno 150, ya pili 250, usipungue. Kazi ya pili ina uzito mara mbili ya ya kwanza, na wewe umeipa dakika 25 zilizobaki baada ya kuremba grafu. Mimi ningeanza na ya pili, nikaipa dakika 40 zake, kisha nikaenda kwenye grafu. Mwalimu wenu anaweza kukwambia vingine. Jaribu njia zote mbili kwa saa ya ukutani ndipo uchague. Na dakika tano za mwanzo usiandike insha, andika hoja zako kwa maneno machache. Najua unaona ni kupoteza muda, lakini aya yako ya tatu imerudia ya pili neno kwa neno.

Umesema unafanya kwa kompyuta. Vizuri, maana mwandiko wako hata mimi niliyekuzaa unanishinda. Ila kuna mambo mawili. Kwenye karatasi, baada ya Kusikiliza, watu hupewa dakika 10 za kuhamisha majibu. Kwenye kompyuta unapata dakika 2 tu za kukagua, kwa hiyo tahajia uiweke sawa palepale unapoandika. La pili, unadonoa kwa vidole viwili huku unatazama vitufe. Skrini itakuhesabia maneno lakini haitakuandikia. Njoo nikufundishe vidole kumi, mapajani kwangu umelala wakati napiga chapa barua za wakurugenzi na hukuokota hata kidole kimoja.

Chumbani kwako hapasomeki, na ile baa ya jirani. Jumamosi nenda Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, uandike kazi zote mbili kwa mkao mmoja bila simu. Kusikiliza, Kusoma na Kuandika vitakuja mfululizo siku hiyo bila mapumziko, na mgongo nao unahitaji mazoezi.

Pasipoti uliyojisajilia ndiyo uende nayo. Ile ya zamani iliyokatwa pembe iko kwenye kabati langu, usije ukaichukua kwa haraka.

Jumapili uje na insha moja mpya, ya swali lilelile la usafiri, na usiniletee London. Shangazi yako ameleta kambale wa kukaushwa kutoka Morogoro, nitamuunga kwa nazi. Ukichelewa kama juzi, bibi yako atakula sehemu yako na mimi sitamzuia.

Nakupenda baba.

Mama yako