Jumamosi: Hekalu la Bassae

Habari za jioni wapendwa. Kikao cha Jumamosi kitahusu hekalu la Apollo, mungu wa Wagiriki wa kale, kule Bassae, katika milima ya Peloponnese, Ugiriki. Lilianza kujengwa mwishoni mwa karne ya 5 KK, na mwandishi wa kale Pausanias anasema msanifu wake alikuwa Iktinos, yuleyule wa Parthenon, hekalu maarufu la Athens.

Nawaomba mzitazame nguzo kwa makini. Nje kuna 6 upande wa mbele na 15 ubavuni, zote za Kidoriki, yaani mtindo wa vichwa sahili visivyo na mapambo, za mawe ya chokaa ya kijivu ya hapohapo mlimani. Ndani mambo yanabadilika: nguzo za Kiioniki, zenye vichwa vya mikunjo ya duara, na katikati ilisimama moja yenye kichwa cha Kikorintho, kilichochongwa majani, cha kale kuliko vyote vinavyojulikana. Mitindo mitatu ndani ya jengo moja! Mimi naona huo ni ujasiri mkubwa.

Michongo ya ukutani, Wagiriki wakipigana na Waamazoni, wanawake wapiganaji wa hadithi za Kigiriki, iko British Museum, London. Tutajadili hilo pia.

Mkikuta picha za turubai kubwa jeupe, msishangae. Linalikinga hekalu tangu 1987. Leteni maswali.