Usiupime Upasuaji kwa Uso wa Hamisi

Tanga

Ndugu yangu Mbarak,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, na Mama Swabra anakusalimu na kukukumbusha deni la tende. Salamu nyingine zitasubiri, kwa sababu ujumbe wako wa juzi umenikosesha raha. Unasema ulimwona Hamisi, aliyepasuliwa mfuko wa chakula kama mimi ili apungue uzito, harusini kwa Mzee Said, mashavu yamebonyea na shingo imelegea kama gunia lililomwagwa mchele, watu wakanong'ona kwamba ana maradhi anayoyaficha, na usiku uleule ukaamua kumwambia daktari kwamba hutaki tena kupasuliwa. Kufuta miadi ni haki yako, lakini usiifute kwa sababu ya uso wa Hamisi.

Hayo manong'ono nami nimeyapata. Jirani yetu mmoja, ambaye unamjua kwa ulimi wake, aliniuliza mbele ya watu kama nimeshakwenda kupima. Mafuta ya chini ya ngozi ya usoni huondoka haraka, nayo ngozi ya watu wa rika letu hairudi kwa mwendo uleule, ndiyo maana mtu huonekana mzee ghafla. Nywele nazo huweza kupukutika miezi michache baada ya upasuaji, kisha nyingi huota tena. Hayo ndiyo yanayoonekana harusini. Yaliyo muhimu kwa wenye kisukari cha aina ya pili kama sisi yako ndani, mahali ambapo wale wa mezani hawakuweza kuchungulia.

Mafuta yanayotudhuru zaidi ni yale yanayozunguka matumbo na yale yaliyojipenyeza ndani ya ini na kongosho, kwa kuwa huko ndiko yanakovuruga kazi ya insulini. Ini huanza kupungua hata kabla ya kisu. Kile chakula kidogo cha majimaji wanachokupa kabla ya upasuaji, ambacho nilidhani ni cha kunizoeza njaa, kumbe kazi yake kubwa ni kulipunguzia ini mafuta yake ili daktari aufikie mfuko wa chakula bila kizuizi. Kisha mfuko wenyewe hukatwa karibu robo tatu au zaidi, ukabaki mwembamba, chakula kikafika upesi kwenye utumbo mdogo, na utumbo ukatoa kwa wingi homoni zinazoiamsha kongosho. Kwa hiyo sukari yangu ilishuka kabla suruali hazijalegea, na dawa zikapunguzwa nikiwa bado wodini. Shika hilo, wewe unayejidunga insulini: ukirudi nyumbani na dozi za zamani unaweza kuanguka kwa sukari kushuka mno.

Sitakudanganya kwamba kila mtu hupona. Huko Cleveland, Marekani, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 150, na mwaka 2017 wakachapisha matokeo ya miaka 5. Waliofikisha wastani wa sukari wa miezi mitatu wa asilimia 6 au chini, wengine wakiwa bado na dawa, walikuwa asilimia 29 kati ya waliopunguziwa mfuko kisha ukaunganishwa na utumbo, asilimia 23 kati ya waliokatwa mfuko kama mimi, na asilimia 5 tu kati ya waliotibiwa kwa dawa peke yake. Wewe una kisukari cha muda mrefu na unatumia insulini, na watu wa namna hiyo hupata nafuu kamili kwa nadra kuliko aliyegunduliwa juzi. Hata hivyo nafuu nusu si kitu cha kudharau.

Sasa nifikie jambo lililonifanya nishike kalamu, nalo ni misuli. Kliniki niliyokuwa nikihudhuria walinipandisha kwenye mizani, wakaandika kilo, wakanipongeza, wakamwita mwingine. Hakuna aliyeuliza ni kitu gani kilichopungua. Mizani haijui kama kilo iliyoondoka ilikuwa mafuta ya tumbo au nyama ya paja, ilhali katika kila kilo kumi zinazopungua baada ya upasuaji wa namna hii, mbili hadi tatu kwa kawaida si mafuta. Humo mna maji pia, si misuli mitupu, lakini misuli imo, na mingi huondoka katika miezi ya mwanzo, wakati mtu anashiba kwa vijiko vichache. Kwetu sisi hiyo ni hasara maradufu, kwa kuwa sehemu kubwa ya sukari inayotoka kwenye damu baada ya mlo huingia kwenye misuli.

Mimi niliigundua msikitini, si kliniki. Kuinuka kutoka sijda kulinitetemesha mapaja, ikanibidi nikite kiganja chini kama mzee wa miaka tisini, na huku kila aliyeniona akinisifu kwamba nimekuwa mwepesi! Baadaye nilipelekwa kwenye mashine unayoikanyaga kwa miguu mitupu huku umeshika vipini, nayo ikatenganisha mafuta na visivyo mafuta. Iulizie mashine hiyo kabla ya kupasuliwa, ili uwe na kipimo cha kulinganishia.

Tangu hapo samaki au yai hutangulia sahanini, maharage hufuata, na wali hupata nafasi iliyobaki, ambayo mara nyingi ni kijiko cha kumridhisha mpishi. Mtaalamu wa lishe aliniambia nisipungue gramu 60 za protini kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, kwa hiyo utaona kwamba kwa tumbo dogo hiyo ni kazi, si starehe. Nainua madumu ya maji, nakaa na kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu, na Mama Swabra hucheka mpaka anakaa chini. Vidonge vya vitamini na kalisi ni vya maisha, maana mifupa ya nyonga nayo hupungua uzito, na vitamini B12, ambayo metformini, ile dawa ya kisukari, peke yake huweza kuishusha, hufyonzwa kwa shida zaidi baada ya tumbo kukatwa.

Narudi kwa Hamisi. Nasikia anaishi kwa chai ya rangi na biskuti laini kwa sababu nyama humkwama. Ikiwa ni kweli, basi kinachonitisha ni mapaja yake kuliko mashavu, na mtu amwambie arudi kwa daktari wake. Je, ulimwona akiinuka kitini? Alijisukuma kwa mikono? Na wewe, daktari wako amekueleza atakata mfuko tu au ataunganisha na utumbo? Macho yamepimwa? Sukari ikishuka kwa kasi, macho yaliyokwisha kuguswa na kisukari huweza kusumbua. Nani atakupikia, Zuhura au yule shemeji asiyejua chakula bila mafuta ya nazi? Miadi umeifuta kweli, au umesema tu? Nijibu kabla ya Ijumaa, kwa sababu kama bado ipo, inanibidi niombe ruhusa kazini mapema nije kukaa nawe Mombasa wiki ya kwanza.

Wako,
Athumani