Swali la vekta x: twende sehemu kwa sehemu

Habari zenu wapendwa. Naona wengi mmekwama kwenye swali la kutafuta vekta x katika 3x − 2a = b, ambapo a = (1, −4) na b = (7, 2); namba ya kwanza kwenye mabano ni sehemu ya mlalo, ya pili ni ya wima. Msijaribu kugawanya vekta kwa vekta! Hamisheni kwanza: 3x = b + 2a, ambapo 2a = (2, −8).

Sehemu ya mlalo: 7 + 2 = 9. Ya wima: 2 + (−8) = −6, na hapa ndipo alama ya hasi inapowaponyoka wengi, kwa hiyo tafadhali wekeni mabano kila mara. Gawanyeni zote mbili kwa 3: x = (3, −2).

Rudisheni jibu kwenye mlinganyo wa mwanzo: 9 − 2 = 7, −6 + 8 = 2. Sawa kabisa.

Aliyepata tofauti atume picha ya hatua zote, si jibu tu, tuzipitie pamoja jioni.