Taarifa ya mwenyekiti: msimu wa kahau ulivyokwenda, barua ambayo sikuituma, na habari ya ada

Ndugu wanachama, salaam. Mambo ya kawaida ya kahau wetu, yule ndege wa baharini wa Bermuda anayetaga shimoni, nayapitia haraka kwa sababu mliyaona wenyewe: yai moja Januari, wazazi wakapokezana kuatamia, kifaranga akatoka baada ya wiki saba na ushee, mwisho wa Mei akaondoka zake usiku. Zamu za kuangalia mtandaoni kamera ya shimoni, yaani kwenye kiota chao, zilienda vizuri, na ratiba niliipanga mimi peke yangu, sijui kama kuna aliyeliona hilo.

Sasa twende kwenye ile barua, maana najua ndiyo mnayoisubiria. Mwezi wa nne kifaranga alikaa usiku kadhaa mfululizo bila mzazi kuonekana, kamera inaonyesha rundo la manyoya limelala tu, watu wakaanza kulia kwenye grupu, na wenzetu wakaandika barua kwa jina la chama kuwataka wahifadhi wa Nonsuch, kisiwa cha Bermuda chenye kiota hicho, wafungue shimo wamlishe. Nikakataa kuituma. Kweli sikuitisha kamati kwanza, ila ilikuwa usiku wa manane jamani, ningeitisha nani?

Sababu zangu ni hizi. Kahau hatafuti chakula karibu na Bermuda, anaenda mbali sana huko Atlantiki kutafuta ngisi na samaki wadogo, halafu anarudi usiku kumtapikia mtoto, kwa hiyo kifaranga kukaa siku kadhaa peke yake ndiyo maisha yake. Ananenepa mpaka anamzidi mzazi uzito, na mwishoni wazazi wanaacha kabisa kuja, anapungua ndipo anaruka. Tungekuwa tunaomba watu wamnyanyue ndege anayefanya kile anachotakiwa kufanya.

Kuna waliosema mbona vifaranga waliohamishiwa Nonsuch kati ya 2004 na 2008 walilishwa kwa mkono? Ndiyo, walilishwa, kwa sababu waliondolewa kwa wazazi wao ili wakizoee kisiwa kipya na baadaye warudi kutagia hapo. Huyu wetu ana wazazi! Tena wahifadhi wanakwenda wenyewe kumpima uzito na mabawa, mara nyingine mbele ya hiyo hiyo kamera, wana mizani, sisi tuna kioo cha simu. Watu hawa wamemtoa ndege aliyedhaniwa ametoweka kwa miaka zaidi ya 300, akaonekana tena 1951, miaka ya sitini mwanzoni jozi 18 tu, leo zimepita 150. Halafu sisi ndio tuwafundishe? Aliyeniita dikteta nimemsamehe ingawa meseji bado ninayo. Na mama yake kifaranga alirudi, mliona, japo hakuna aliyesema mwenyekiti alikuwa sahihi.

Mahudhurio. Siku kifaranga alipoanza kutoka nje usiku kupiga mabawa watu walijaa mpaka alfajiri, lakini mkutano mkuu, wanachama 64, tulikuwa 11, na wawili kati yao walizima kamera zao nadhani walikuwa wamelala. Waliolipa ada ni 23. Kwenye hiyo hela ndogo tumelipia kuhifadhi video, tumetoa mchango kidogo, na pengo lililobaki nililiziba mfukoni kwangu, sidai, nasema tu ijulikane. Halafu asiyelipa ndiye wa kwanza kuuliza kwa nini klipu ya siku ya kuanguliwa imechelewa.

Msimu ujao tunategemea mambo makubwa zaidi, labda vipindi vya mafunzo, labda vijana wajiunge, tutaona. Kahau wanaanza kurudi mashimoni kuanzia Oktoba kwa hiyo nitahitaji watu wa zamu, wale wa usiku hasa. Safari ya kwenda Nonsuch msiniulize tena, ni hifadhi iliyofungwa, hakuna kuteremka bila kibali, na sitaomba kibali kwa ajili ya picha za selfi.

Kamati nawashukuru, wale mliokuwepo. Mweka hazina atatuma orodha ya ada Jumatatu ikiwa na majina.